Wakuu, mashua ya mbao nje ipakwe nini isinimalize hela wala muda?

Mkazi wa Kawe

Habari za jioni wakuu. Nina mashua ya mbao ya kama mita 6, nimenunua kwa mzee mmoja aliyeacha uvuvi, mbao zake bado nzima, mataruma (mbavu zake za ndani) yako poa, nilimpeleka fundi akagonga gonga kuanzia omo (mbele) mpaka tezi (nyuma) akasema hamna kuoza kwa kutisha. Inalala ufukweni Msasani, maji yakipwa inakaa mchangani yakijaa inaelea. Kazi yake ni mshipi wikiendi na familia kidogo, sio biashara.

Shida ni huko nje. Kuna bluu juu ya kijani juu ya sijui nini, inamenyeka vipande vipande, na ule ubao wa juu unaozunguka pembeni kote ulishapigwa vanishi enzi hizo, sasa hivi imebaki madoa ya njano na meusi. Mimi ni mtu wa ofisini nina jumamosi tu na bajeti ni ya kuunga unga. Nikiuliza watu kila mmoja na lake, mmoja funika faiba yote, mwingine paka oili chafu usahau, mwingine kanitumia hesabu ya rangi za yoti kwa dola nikazima data kabisa. Sitaki ing'ae kama gari la harusi, nataka isioze na isinitie aibu basi. Nipake nini?

Kijana Mjimwema

Naweka kambi hapa, na mimi nina ngalawa yangu inanitazama vibaya.

Fundi Kalafati

Mkuu ngoja nikujibu kwa kirefu maana hili swali linarudi kila mwaka upepo wa kusi ukishatulia.

Kwanza toa kichwani neno "rangi ya boti". Mbao haisomi kopo. Mashua nyingi unazoziona Kunduchi au pale Feri zimepakwa rangi ya mafuta ya kawaida kabisa, hii enameli ya milango na mageti, na zinaingia baharini kila siku ya Mungu. Hiyo ya dola ina kinga kubwa zaidi ya jua na inashika mng'ao muda mrefu, siikatai, lakini chombo kinacholala mchangani kinakwaruzwa na nanga, kinagongwa na chombo cha jirani, watu wanapanda na mchanga miguuni, yaani unalipia mng'ao halafu unausugua mwenyewe. Kipimo changu mimi ni kimoja tu: rangi ya chombo cha kazi iwe ile ambayo ikichubuka leo, jumamosi ijayo unapitisha msasa, unagusia kwa brashi, maji hayajarudi ushamaliza. Ile inayotaka hadina (dawa ya kuigandisha) na mizani na fundi maalum ikichubuka utaahirisha, na ukiahirisha maji yanaingia nyuma ya rangi, hapo sasa ndo mbao inaanza kuoza na rangi yako ya gharama iko juu inacheka.

Kwa hiyo juu ya mstari wa maji: enameli ya mafuta, rangi nyepesi, isiyong'aa sana. Vanishi iondoe yote kapake rangi hapo pia. Nitarudi na sababu, kuna mtu ananiita.

Tina na Msasa

Vanishi iondoke kweli. Nimefanya kazi za samani miaka mingi na vanishi ndani ya nyumba ni kitu kizuri, ila kwenye jua la Dar nje juu ya maji ni mateso. Vanishi inapitisha mwanga, miale ya jua inaingia mpaka kwenye mbao inaivunja ile sehemu ya juu ambayo vanishi imeishikilia, ndo maana inabanduka kama ngozi, haibanduki kwa sababu ulipaka vibaya. Rangi ina unga ndani unaozuia mwanga, basi. Mtu anayetaka vanishi nje anatakiwa aweke mikono (matabaka) 6 mpaka 8 ya mwanzo halafu awe anaongeza mkono mmoja mmoja ndani ya mwaka kabla haijaanza kupasuka. Jumamosi zako zote zitaishia kwenye huo ubao.

Mkazi wa Kawe

Ila ule ubao mkuu ni mtiki, au ndo muuzaji alinipanga. Roho inauma kuupaka rangi.

Tina na Msasa

Kama ni mtiki kweli usiupake kitu chochote! Kwangua vanishi, sugua, uache. Mtiki una mafuta yake ndani, ukikaa wazi unageuka kijivu na hauozi kirahisi, hakuna umaliziaji wa bei rahisi kuliko huo duniani. Kazi yako ni kuumwagia maji ya bahari na kuusugua kwa brashi laini, ukisugua kinyume na nyuzi usifuate nyuzi, maana ukifuata unachimba zile sehemu laini ubao unabaki na mifereji. Na usiweke mafuta ya kitani, kwa hewa yetu hii ya unyevu yanaota kuvu yanakuwa meusi. Angalia tu kama ni mtiki kweli, kwangua sehemu ndogo utaona rangi ya dhahabu ya kahawia na ukishika unahisi kama una nta. Mtiki unapatikana, kuna mashamba Longuza kule Muheza na bonde la Kilombero, kwa hiyo haishangazi kukutana nao kwenye mashua.

Kama ni mninga au mbao nyingine tu, rangi.

Mzee Oili

Nyie mnampotosha kijana kwa mambo mengi. Oili chafu ya gari, brashi kubwa, nusu saa umemaliza, wadudu hawasogei, bure. Gereji wanakupa na asante wanakuambia.

Fundi Kalafati

Nimerudi. Mzee wangu shikamoo, lakini hii hapana. Oili chafu haikauki, ile inabaki mbichi siku zote, jua kidogo inatiririka, suruali za watoto zinaharibika, na maji yakijaa unaona utando wa rangi za upinde unazunguka chombo, hiyo yote inaenda baharini na ndiko tunakotoa samaki. Ina masalia ya kuungua kwenye injini ambayo yanasababisha kansa na mtu anaipaka kwa mikono mitupu. Halafu baya zaidi kwa mwenye bajeti ndogo: siku ukibadili mawazo ukitaka kupaka rangi, rangi haishiki. Imeshanyonywa na mbao, utaosha kwa petroli na thina na bado baada ya mwezi inachuruzika kutoka kwenye maungio. Ukishaingia kwenye oili umeolewa nayo.

Mzee Oili

Marahaba. Haya, na sifa je? Babu zetu walipaka sifa ya papa miaka na miaka na jahazi zilifika Uarabuni. Au nayo ina kansa?

Fundi Kalafati

Sifa haina neno mzee, heshima yake naiweka. Mafuta ya ini la papa yanaingia kwenye mbao, mbao hainyauki, haipasuki, na mbao iliyopakwa sifa tangu mpya ndo zile unakuta jahazi lina umri wa mtu mzima. Ila mwanaume huyu anataka kubeba familia, wewe unaijua harufu yake. Na papa wenyewe siku hizi ni wa kutafuta kwa tochi. Na mashua yake tayari ina rangi, sifa inataka mbao tupu. Ni njia ya kuanza nayo chombo kipya na ukubali kuwa utapaka tena na tena, hakuna kurudi kwenye rangi.

bibi_wa_dagaa

Harufu ya sifa haitoki hata kwenye nywele, mume wangu akitoka kupaka analala barazani 😂

Korosho Boy

Kusini kwetu kuna mafuta ya maganda ya korosho, meusi mazito, yanazuia wadudu wa mbao balaa. Vipi hiyo wakuu?

Fundi Kalafati

Yanafanya kazi kweli, yana sumu ya asili inayowakimbiza wadudu na yanakauka yakawa magumu kidogo tofauti na oili. Ila yanaunguza ngozi, ukirukiwa unapata vidonda kama vya moto. Glavu ndefu, nguo mikono mirefu, miwani. Na yanatia weusi, kwa hiyo ni ya ndani ya ngama (sakafuni kabisa mwa chombo) na chini, sio ya kutia urembo ubavuni. Kwa mtu wa jumamosi moja moja simshauri.

Engineer wa Mchongo

Mbona hamumwambii ukweli, funika faiba mara moja, resini na mkeka wa nyuzi za faiba, unasahau rangi miaka 10. Mimi ningefanya hivyo.

Fundi Kalafati

Mkuu hii ndo inayoua mashua kuliko hata minyoo. Faiba ni nzuri kwenye boti iliyozaliwa faiba, au ya plaiwudi mpya kavu iliyopakwa epoksi kote kote. Mashua ya mbao za kuungana zinapumua, mchana zinanyauka, zikilowa zinavimba, kila siku zinacheza. Unaibandika ganda gumu juu, ganda halichezi. Resini ya kawaida ya boti haishiki sana kwenye mbao hasa mbao ya zamani yenye chumvi na mafuta, inaachia sehemu moja, maji yanaingia katikati, hayatoki. Unakuja kugundua mbao imekuwa uji ndani huku nje mashua inapendeza. Na bei yake uliyoiita "mara moja", hesabu resini, mkeka, hadina, msasa wa grenda, fundi, utakuta ni makopo ya enameli ya miaka mingi.

Engineer wa Mchongo

Sawa nimekuelewa, ila za kwetu Kigamboni zipo zilizofunikwa na zinatembea.

Fundi Kalafati

Zinatembea. Muulize mwenye nayo anachota maji ndoo ngapi kabla ya kuondoka.

Kijana Mjimwema

😂😂 umemmaliza. Haya tuendelee na rangi, kwa nini isiyong'aa na kwa nini nyepesi?

Fundi Kalafati

Nyepesi kwa sababu ya joto. Shika ubavu wa mashua iliyopakwa bluu iliyokolea saa nane mchana halafu shika nyeupe iliyo pembeni yake, utaondoa mkono haraka kwenye ile ya bluu. Joto linanyausha mbao, maungio yanafunguka, kalafati (pamba ya kuziba maungio) inalegea, rangi inapasuka mstari kwa mstari palepale kwenye maungio. Nyeupe, krimu, kijivu chepesi, bluu ya maji, hizo zote sawa. Ukipenda rangi kali weka mstari mmoja juu, roho itulie.

Isiyong'aa sana kwa sababu ya aibu yako uliyosema. Glosi inaonyesha kila shimo, kila alama ya skrepa, kila sehemu ulipogusia. Mashua yenye umri wake ukiipiga glosi unaitangazia kasoro. Ujanja wa mafundi wa zamani ni kuchanganya glosi na andakoti yake (rangi ya kutangulia chini) nusu kwa nusu, zote za mafuta na za kampuni moja, unapata kitu cha katikati, kinafunika vizuri, na ukigusia kiraka hakionekani. Mng'ao ukipungua kidogo unapungua pia uimara wa kuoshwa oshwa, ni kweli, ila kwa chombo kinachoguswa kila mwaka haina shida.

Mama Turubai

Na rangi ya maji? Ile ya nje ya ukuta. Mume wangu alipaka kiboti chetu cha plaiwudi, tunakiweka nyumbani Mbweni na kukipeleka baharini kwa tela, ina mwaka wa tatu haijabanduka.

Tina na Msasa

Kwa matumizi yenu nyie ni sahihi kabisa na wala sio ushamba. Rangi ya maji nzuri ya nje, ile ya akriliki, inavutika mbao ikicheza, inaruhusu unyevu kutoka, haina harufu, brashi unaosha kwa maji. Udhaifu wake ni laini, ikisuguliwa na kamba au mchanga inakatika, na mashua ya huyu ndugu inayolala mchangani itachunwa. Pia usiipake juu ya enameli ya zamani inayong'aa bila kusugua mpaka ikose mng'ao, itatoka kama karatasi. Boti ya kwenye tela inayokauka kila wiki, endeleeni.

Mkazi wa Kawe

Shukrani sana wakuu, nachukua daftari. Sasa hii rangi ya zamani niitoe yote? Maana nikiangalia matabaka naona kama mwezi mzima.

Fundi Kalafati

Usitoe yote! Hapa ndo watu wanapoteza nguvu. Rangi inayoshika ni praima ya bure. Chukua skrepa kali, pitia kote kwa nguvu ya kawaida, kinachotoka kitoke, kisichotoka kiache. Halafu kingo za pale ilipobanduka zisugue kwa msasa namba 80 zipungue ngazi, kisha namba 120 kote kuondoa mng'ao. Sehemu zilizobaki mbao tupu ndo utazipa praima, sio chombo kizima.

Ila matabaka hayo ya zamani unayoyasema, usiyasugue yakiwa makavu. Rangi za miaka ya nyuma nyingi zilikuwa na risasi, vumbi lake ukilivuta au watoto wakilichezea mchangani sio mchezo. Tumia msasa wa maji, lowesha, sugua, vaa barakoa, tandika turubai chini ukusanye mabaki. Na usichome rangi kwa moto, moshi wake ni mbaya zaidi.

Halafu kitu ambacho watu wanaruka na ndicho kinachoua kazi zote: CHUMVI. Mashua imekaa baharini, ukimaliza kusugua ioshe kwa maji baridi, ya bomba au ya kisima kisicho na chumvi, ndoo kadhaa, brashi, kote. Chumvi ikibaki chini ya rangi inavuta unyevu wa hewa na kutoa malengelenge. Mtu anakuja kulalamika rangi feki kumbe kapaka juu ya chumvi. Iache ikauke siku mbili tatu za jua ndo uanze.

Mkazi wa Kawe

Siku tatu inakaukaje wakati maji yanaifuata kila siku?

Nahodha wa Zamani

Hapo tumia bamvua kijana wangu, zile siku maji yanajaa na kupwa kuliko kawaida. Siku ya bamvua maji yakijaa kabisa, iburuzeni juu iwezekanavyo na maji yenyewe, mkaiegeshe na magogo. Baada ya hapo maji yanapungua kujaa kila siku kuelekea maji mafu (yanapojaa kidogo tu), hayatafika hapo tena mpaka bamvua linalofuata, una karibu wiki mbili za chombo kukaa kikavu bila kulipa mtu wala krini. Upande wetu tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua inapita mita 3, kwa hiyo inafika mbali. Angalia jedwali la maji, bamvua hapa Dar maji hujaa alfajiri na jioni saa kumi hivi na kupwa saa nne tano asubuhi.

Na usisubiri masika. Wakati mzuri ni januari na februari, kavu ingawa kaskazi linapuliza, au tanga mbili (pepo zinapobadilishana) ya septemba oktoba kusi likishakata kabla vuli haijashika. Kusi likiwa limechachamaa utapaka rangi na mchanga pamoja.

Tina na Msasa

Naongezea kwa nahodha. Usianze kupaka kabla umande haujakauka, saa tatu nne hivi, na ikifika saa tisa mchana weka brashi chini. Unyevu wa jioni ukikuta rangi mbichi inafubaa inakuwa na ukungu. Na usipake upande unaopigwa na jua moja kwa moja, rangi inakauka juu chini mbichi. Zunguka na kivuli, asubuhi upande wa magharibi mchana upande wa mashariki.

Kijana Mjimwema

Na chini ya mstari wa maji wakuu? Huko ndo kwenye mwani na yale magamba.

Fundi Kalafati

Chini inategemea chombo kinalala wapi. Enameli ya kawaida haipendi kukaa majini saa 24, inalainika na kutoa malengelenge, kwa hiyo boti inayoelea muda wote usiitegemee. Mashua inayokaa mchangani kila siku ni habari nyingine, inakauka, jua linaua vijidudu vingi, na wewe mwenyewe maji yakipwa unapita na brashi ngumu. Kwa mwenye uzi huu, uamuzi wangu ni deheni. Chokaa na shahamu, unachanganya mpaka iwe kama uji mzito, unapaka kwa mkono chini yote. Wazee kwanza wanapitisha moto wa makuti makavu taratibu chini ya chombo, wadudu wanaotoboa mbao wanakufa na mbao inakauka, halafu ndo deheni. Ni bei ya kuchekesha. Kasoro yake ni moja, inataka kurudiwa kila baada ya miezi michache. Huo moto usimamiwe na anayejua, nimeona mtu akikaanga kalafati yote ikatoka, na uwe kwenye mbao tupu tu maana nilishasema moshi wa rangi ya zamani ni sumu.

Kama hutaki kushika mafuta, kuna rangi ya lami ile nyeusi, rahisi, inazuia maji, ila haizuii magamba na ukishaweka lami huwezi kupaka rangi nyingine juu, inapenya inatoa madoa ya kahawia. Iishie chini hukohuko.

Zile rangi zenye shaba za kuzuia viumbe wa bahari ndo bora kwa chombo kinachoelea muda wote. Ni ghali. Nyingi zinafanya kazi zikiwa zimelowa, zikikaa kavu muda mrefu nguvu inapungua, kwa hiyo kwenye mashua ya mchangani unatupa hela. Na ukiuziwa kopo la zamani la "rangi ya meli kali sana" kimbia, zile za zamani zilikuwa na bati ya sumu, TBT, ziliua na kuharibu konokono na chaza mpaka zikapigwa marufuku kimataifa, mkataba wa 2001 ulioanza kutumika 2008.

Mwana wa Aluminiamu

Mimi boti yangu ni aluminiamu, naweza kutumia hiyo ya shaba?

Fundi Kalafati

HAPANA. Shaba na aluminiamu kwenye maji ya chumvi ni betri, boti yako ndo inaliwa. Na wenye mashine za nyuma vilevile, ule mguu wa mashine ni aluminiamu, usiupake rangi ya shaba, na kile kipande cha zinki usikipake rangi ya aina yoyote, kazi yake ni kuliwa yeye badala ya mashine. Ukikipaka unakilinda yeye halafu mashine inaliwa. Boti ya aluminiamu juu wala haihitaji rangi, iache.

Kijana Mjimwema

Nasikia kuna wanaochanganya pilipili au dawa ya wadudu kwenye rangi ya chini.

bibi_wa_dagaa

Dawa ya wadudu! Halafu mniletee samaki sokoni. Acheni jamani.

Fundi Kalafati

Bibi kasema. Pilipili weka kwenye pweza.

Mcheshi wa Feri

Dawa ya yote haya ni ile jahazi ya Lamu, Flipflopi, wameiunda kwa plastiki taka na kuivalisha ndala za watu juu mpaka chini, ikaja mpaka Zanzibar 2019. Haina rangi, haina vanishi, ikichubuka unatafuta kandambili nyingine 😂

Mkazi wa Kawe

😂😂 nina kandambili za kutosha nyumbani. Haya, nimefika hapa: nyepesi, nusu glosi nusu andakoti, ubao wa juu niukwangue nione kama ni mtiki, chini deheni. Kiasi gani ninunue? Na sitaha ya mbele ile inateleza, watoto wanaanguka.

Tina na Msasa

Hesabu ni ndogo. Mita 6 mara ubavu wa juu ya maji kama sentimita 70, mara pande mbili, ni kama mita za mraba 8 na kitu. Lita moja ya enameli inapiga mita za mraba 10 hivi kwenye mbao laini, mbao yenye kiu inakunywa zaidi. Kwa hiyo mkono mmoja ni lita moja ya mchanganyiko wako. Kopo la lita 4 la glosi na la lita 4 la andakoti yanakupa mikono mitatu, ndani yake, viti na sitaha na bado unabakiwa na ya kugusia. Nenda maduka ya Kariakoo, uliza maduka matatu, bei zinatofautiana kopo lilelile. Usinunue ya lita 20 eti rahisi, itakauka stoo. Brashi nunua nzuri mbili, hizi za bei ya chini zinaacha nywele ubavuni. Rola ndogo ya sponji unapaka haraka, mwenzio anafuata nyuma na brashi kavu analainisha, saa moja na nusu upande umeisha.

Sitaha: paka mkono wa kwanza, ukiwa mbichi nyunyiza mchanga mkavu uliochekechwa, mwingi ufunike, kesho yake fagia uliobaki halafu paka mkono juu. Mchanga wa mto, sio wa baharini, ule una chumvi, tumeshasema habari za chumvi.

Nahodha wa Zamani

Na kijana, rangi nzuri kuliko zote haisaidii maji ya mvua yakituama. Chombo cha mbao hakiozi kwa maji ya bahari, kinaoza kwa maji baridi yanayokaa kwenye kona, chini ya viti, mbele kabisa ndani ya omo. Masika ikija funika turubai lakini lipandishe katikati kwa mti hewa ipite pande zote mbili, ukilibana kama mtungi ndani panaota kuvu. Ukitoka kuvua mwagia maji ya bahari ndani, kausha, basi.

Mama Turubai

Hapo kwenye hewa ni kweli kabisa, tulibana turubai letu la kwanza tukakuta uyoga.

Mkazi wa Kawe

Swali la mwisho halafu niwaache mlale. Namba ya usajili ubavuni na jina, nazo napaka na hiyohiyo?

Fundi Kalafati

Hiyohiyo enameli, ila nyeusi au bluu iliyokolea, kikopo cha robo lita kinatosha miaka. Subiri rangi ya chini ikauke kabisa, wiki hivi, ndo uchore, vinginevyo tepu itaondoka na rangi yako. Kata herufi kwenye karatasi gumu, bandika, gonga gonga kwa sponji yenye rangi kidogo sana isipenye pembeni. Namba usiifupishe wala kuipamba, wakaguzi wanataka isomeke kwa mbali. Jina lichore utakavyo. Na rangi ikibaki, funga kopo kwa nyundo uligeuze juu chini stoo, utando utaota upande wa chini, ukifungua kesho kutwa unakuta rangi ya juu safi.